Kwenda Kusini kwa Upepo wa Kaskazi: Kuchagua Njia ya Chombo Kutoka Mombasa

Kaskazi ikishashika, mtu mwenye chombo cha tanga hapa Mombasa hutamani kusini. Upepo unatoka nyuma, mvua za vuli zimekatika, na anga iko wazi hata milima ya Usambara huonekana asubuhi ukiwa baharini upande wa Tanga. Kila Desemba vijana wa Bandari ya Kale huniuliza swali lilelile: nipite wapi? Nishike pwani, nipite Pemba, au nitoke nje kabisa? Mimi natumia mashua ya futi 28, tanga moja na mashine ndogo ya kufunga nyuma, na haya ninayoandika ni kwa mwenye chombo cha kadiri hiyo anayetaka kufika Unguja, pengine na Mafia, kisha arudi kwao salama.

Wengi huchagua njia kwa kutazama upepo. Upepo wa kaskazi hautakusumbua sana. Kinachochagua njia ni maji, na hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya kwanza: jua maji yanakwenda wapi

Pwani yetu ina mkondo mkubwa unaotoka kusini mwa Tanzania kuja kaskazini, na unakwenda hivyo mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, upepo unausukuma, na katikati ya msimu unaweza kufika maili nne za bahari kwa saa. Kaskazi ikija, mkondo huu unapungua nguvu kwa sababu upepo unaukabili, lakini haugeuki. Unaogeuka ni ule wa Somalia, ambao miezi hiyo hushuka kusini na kukutana na huu wetu kwenye maji ya kaskazini mwa Kenya. Kwa hiyo anayetoka Lamu kuja Mombasa huweza kusaidiwa na maji sehemu ya safari. Anayetoka Mombasa kwenda Tanga au Pemba anapanda mkondo, hata kama upepo uko shetri, yaani nyuma ya chombo, na tanga limejaa.

Fanya hesabu kabla ya kufungua kamba. Kutoka Mombasa hadi mji wa Unguja kwa mstari ulionyooka ni kama maili 129 za bahari. Chombo kikitembea maili tano kwa saa na mkondo ukikurudisha moja, unabaki na nne: saa 32. Hiyo bado ni safari njema. Lakini upepo ukilegea usiku, chombo kikawa kinatembea tatu na mkondo nao wala haulegei, unabaki na mbili: zaidi ya saa 64. Umbali ni uleule na njia ni ileile, ila sasa unahitaji maji ya kunywa na chakula cha siku tatu, na mabaharia wako wamechoka.

Mimi nilijifunza haya kwa njia ngumu. Safari yangu ya pili nilitoka Kilindini adhuhuri, upepo mzuri, nikaelekeza omo, mbele ya chombo, moja kwa moja Ras Kigomasha, kaskazini mwa Pemba. Saa nane za usiku upepo ukakata kabisa. Tanga likawa linajipiga kwenye mlingoti, pa, pa, kila wimbi likipita chini yetu. Nilishika usukani nikitazama dira: omo ilikuwa kusini barabara. Kisha nikawasha GPS, na mshale wake ulikuwa unaonyesha nyuma yangu. Tulikuwa tunakwenda kaskazini kinyumenyume, maji yakitubeba kimya, wala hapakuwa na alama yoyote juu ya bahari ya kutuambia. Petroli niliyokuwa nayo ilikuwa ya kuingilia bandarini tu. Kulipopambazuka tulikuwa tumerudi maili saba.

Niliporudi nikamsimulia nahodha mmoja mzee wa Mji wa Kale, mtu aliyekwenda Rufiji kupakia boriti tangu ujana wake. Nilimwamkia, nikaeleza yote. Hakunilaumu. Aliniambia, "Wewe watazama tanga, mwanangu. Tanga hata ukiwa umefumba macho unalisikia. Tazama maji." Tangu siku hiyo hesabu ya mkondo ndiyo ninayoifanya kwanza.

Hatua ya pili: panga tarehe kwa mwezi

Kaskazi huanza kujitengeneza Novemba, lakini Novemba bado ina mvua za vuli na upepo wa kuzungukazunguka. Subiri katikati ya Desemba. Januari upepo huwa na nguvu zaidi na Februari huwa na utulivu zaidi. Ndani ya miezi hiyo, siku ya kuondoka inatazamwa kwa mwezi wa mbinguni.

Hapa Mombasa, siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja, siku za maji mafu, ambapo maji hujaa na kupwa kidogo tu, mambo yanakuwa kinyume: maji hujaa saa nne na kupwa saa kumi. Jedwali la maji la Kilindini litakupa dakika kamili, lakini kanuni hii ikae kichwani hata simu ikizimika.

Kwa nini ina maana katika kuchagua njia? Kwa sababu milango ya mwamba, zile njia za kupenya kati ya miamba, kwenye bara yetu inatazama mashariki. Ukiingia asubuhi jua liko mgongoni, nawe waona chini: buluu iliyokoza ni kilindi, kijani ni kina kidogo, kahawia ni jiwe. Asubuhi ya bamvua mwamba uko nje umekauka, wavuvi wamesimama juu yake na mikuki ya pweza, na mlango unaonekana kama mlango wa nyumba. Isitoshe, maji yakianza kujaa, ukigusa fungu la mchanga utaelea tena. Aliyegusa wakati maji yanakupwa, tena siku ya bamvua ambapo maji hushuka zaidi ya mita tatu, atakaa pale akitazama chombo chake kikilala ubavu kwa nusu siku.

Milango ya upande wa magharibi wa Pemba ni kinyume. Unaingia ukielekea mashariki, kwa hiyo wataka jua la alasiri, saa nane au tisa. Siku za maji mafu zinafaa huko, kwa kuwa maji hupwa alasiri na mkondo wa mlangoni hauna ukali. Kwa maneno mengine, ukiamua njia ya bara, ondoka siku za bamvua. Ukiamua Pemba, ondoka siku za maji mafu. Wengi hawalifikirii hili mpaka wako mbele ya mlango jua likiwapiga machoni.

Hatua ya tatu: chagua moja kati ya njia tatu

*Njia ya bara: Mombasa, Shimoni, Tanga, Pangani, kisha Unguja.* Hii ndiyo ninayompendekezea kila mtu kwa mara ya kwanza, na ndiyo ninayoitumia mwenyewe mara nyingi. Karibu na nchi ule mkondo mkubwa hupungua, na kile unachokipata zaidi ni maji ya kujaa na kupwa, ambayo unaweza kuyapangia saa. Pia unapata umande, ule upepo wa bara unaovuma usiku wa manane hadi asubuhi. Unakutoa bandarini kabla ya jua, kaskazi inaamka kama saa tatu au nne, nawe unatia nanga alasiri kabla bahari haijachafuka.

Siku ya kwanza ni Mombasa hadi Shimoni, maili 39 hivi. Kuanzia Likoni mwamba unafuatana na pwani, Tiwi, Diani, Galu, na milango iliyopo ni ya wavuvi wenyeji wanaoijua jiwe kwa jiwe. Usijaribu kuingia huko kwa sababu umeona ngalawa ikiingia. Kaa nje ya mwamba kwa umbali ambao unaona mawimbi yakivunjika lakini huyasikii. Ukisikia, uko karibu mno. Ukiwa huyaoni, umeshatoka kwenda kwenye mkondo. Shimoni una kinga nzuri kati ya bara na kisiwa cha Wasini, ila siku za bamvua maji hukimbia sana katika mlango ule, hivyo teremsha nanga yenye kamba ndefu na uangalie chombo kinavyogeuka maji yanapobadilika. Kusini mwa Wasini ni hifadhi ya Kisite na Mpunguti chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ukitaka kupita huko lipa ada, funga kwenye boya, na usitie nanga juu ya matumbawe.

Siku ya pili ni Shimoni hadi Tanga, maili 30. Umbali ni mdogo lakini ndiyo siku ya kufungua macho. Kuanzia Vanga na Jasini kuna mafungu mengi, mengine yapo mbali na nchi kuliko unavyodhani. Hapa mtu mmoja asimame omo tangu asubuhi hadi mtie nanga, kazi yake ni kutazama rangi ya maji tu. Bildi, ile risasi iliyofungwa kwenye kamba, iwe tayari hata kama una mashine ya kupimia kina. Kabla hujaondoka Shimoni tafuta mvuvi anayekwenda Vanga kila wiki, mwombe akuonyeshe kwenye ramani fungu lililosogea. Mchanga husogea, ramani hubaki vilevile. Mlangoni mwa Tanga utauona mnara wa taa wa kisiwa cha Ulenge, na ndani bandari ni ya salama.

Kutoka Tanga hadi Pangani ni maili 22 hivi. Mto Pangani una fungu mdomoni, kwa hivyo unaingia maji yakiwa yamejaa na hutoki mpaka yajae tena. Ukiona huna haja ya mji, nenda ukalale Tanga siku moja zaidi na uvuke moja kwa moja. Mbele ya Pangani kuna Maziwe, kisiwa cha mchanga mweupe ambacho maji yakijaa hupotea chote. Ni pahali pazuri sana pa kutazama, na ni pahali pabaya sana pa kukutana napo usiku.

Kuvuka kutoka Pangani hadi mji wa Unguja ni kama maili 46. Elekeza omo kusini zaidi ya unapokwenda, maana maji yatakushusha kaskazini upande wa Nungwi. Ukishashika upande wa magharibi wa Unguja, kisiwa kinakukinga na mawimbi ya kaskazi mpaka Forodhani.

*Njia ya Pemba.* Kutoka Mombasa hadi Ras Kigomasha ni maili 48, karibu kusini moja kwa moja. Mara tu ukitoka unaingia kwenye mkondo wenyewe, tena katikati ya mlango wa Pemba kina ni mamia ya mita, huwezi kutia nanga upepo ukikata. Hii ndiyo iliyonirudisha maili saba. Lakini ina faida yake: ukishaufikia upande wa magharibi wa Pemba unapata maji matulivu, milango ya Njao na Fundo, Wete, Chake na Mkoani, na hakuna mafungu ya Vanga. Ikiwa una mashine ya kutegemewa na petroli ya saa 15 na zaidi, ni njia nzuri. Ondoka saa nane usiku siku za maji mafu, ufike mlangoni alasiri. Weka mtu wa kutazama jarife usiku, kwa kuwa nyavu zile huelea urefu mkubwa na taa yake ni ndogo kama kijinga cha moto, nazo zikizunguka kwenye rafadha, ile panga ya mashine, safari imesimama. Meli kubwa za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam nazo hupita humo, na hazikuoni.

Sehemu ngumu ya njia hii inakuja mwishoni, kutoka Mkoani hadi Nungwi, maili 29 hivi. Mkondo wa Nungwi unajulikana na kila Mpemba anayesafiri. Maji yanayobanwa kati ya visiwa viwili hukutana na upepo, na mawimbi hayana mpangilio. Ni katika maji hayo meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakapotea. Vuka hapo asubuhi mapema, chombo kikiwa chepesi, au usivuke siku hiyo.

*Njia ya nje, mashariki ya Pemba.* Kwa chombo kidogo, hapana. Kaskazi inakusukuma juu ya mwamba wa Pemba, hakuna mlango wa kukimbilia, na mkondo uko huko pia. Ni njia ya vyombo vikubwa vinavyokwenda mbali bila kusimama.

Hatua ya nne: karatasi

Fanya siku mbili kabla. Pasipoti zipigwe mhuri wa kutoka, chombo kipate kibali cha forodha na cha bandari, na uwe na orodha ya mabaharia nakala nne au tano. Shughuli za uhamiaji hufanyika Mombasa au Shimoni. Upande wa pili ripoti Tanga, au Wete na Mkoani kwa wanaopita Pemba, kabla ya kuteremka kununua chochote. Beba kadi za homa ya manjano. Ukitoka Tanga kwenda Unguja utakaguliwa tena, nawe usione ajabu. Na usishushe mshipi majini ukiwa upande wa Tanzania kama huna leseni ya huko. Mtu aliyebeba samaki wabichi ni vigumu kumweleza mkaguzi kwamba yeye ni msafiri tu.

Hatua ya tano: jua utafika wapi na utarudi lini

Mafia ni kama maili 231 kutoka Mombasa, Kilwa Kisiwani kama 294. Ukiwa na likizo ya wiki tatu, Unguja inatosha. Kwenda Kilwa panga miezi miwili. Usiende kusini zaidi ya hapo msimu huu, kwani kuanzia Novemba hadi Aprili ndipo vimbunga vinapozaliwa katika Bahari ya Hindi ya kusini, na vingi vyao hukaa kusini ya latitudo ya 10. Si vyote. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mwaka 1952 kimoja kiliipiga Lindi. Taarifa za hali ya bahari za mamlaka za hewa za Kenya na Tanzania zisomwe kila siku, si siku ya kuondoka peke yake.

Kurudi ndiko kunakosahauliwa. Ukikaa Unguja mpaka Machi, kaskazi inakufa na unaingia maleleji, upepo wa huku na huku wenye mvua za ghafla. Ukijaribu kurudi Februari, utabisha, yaani kwenda mshazari huku na huku, dhidi ya kaskazi nzima, ingawa mkondo utakusaidia. Wazee walingoja kusi ya kwanza, mwezi wa Aprili, kabla haijawa kali, wakarudi na upepo na maji vyote nyuma yao. Wavuvi wa Pemba wanaokuja dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, huku kwetu wanaijua kalenda hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, waulize. Ukiikosa Aprili, acha chombo Tanga au Unguja mahali pa kuaminika mpaka demani, Agosti au Septemba, kusi ikiwa imepoa. Mei hadi Julai usijaribu.

Maji ya kunywa hesabu lita tano kwa mtu kwa siku, na uongeze siku tatu juu ya hesabu yako. Jaketi za kuokolea maisha ziwe idadi ya watu, fataki za kuombea msaada zisiwe zimepitwa na tarehe, na redio ya VHF ijaribiwe chaneli 16 kabla ya kutoka. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini. Waachie mtu wa nyumbani jina la chombo, idadi ya watu, njia uliyochagua na siku ya kufika.

Hatua ya sita: saa ya kwanza baharini

Tuseme umechagua njia ya bara, ni siku ya bamvua. Ng'oa nanga saa kumi na moja alfajiri. Maji yamekwisha kujaa na yameanza kutoka, umande unavuma, na kaskazi bado imelala. Ukichelewa mpaka saa tatu, maji yanayotoka yatakutana na upepo unaoingia pale mlangoni, na mawimbi yatasimama wima. Taa za Ras Serani ziweke nyuma yako, fuata maboya, waache wenye meli kubwa njia yao. Upite kati ya mwamba wa Leven kushoto na wa Andromache kulia, na usigeuze kusini mpaka Andromache uwe umeupita kabisa.

Kisha pima mkondo. Chukua kipande cha kumbi la nazi, kitupe majini pale omo, na mtu wa shetri ahesabu sekunde mpaka kimfikie. Kwa mashua ya futi 28, sekunde tatu na kidogo ni maili tano kwa saa, sekunde nne ni maili nne, sekunde tano na nusu ni maili tatu. Rudia mara tano, chukua ya katikati. Sasa tazama GPS inasema unatembea maili ngapi. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo mkondo wa siku hiyo. Ikiwa chini ya moja, Shimoni utafika alasiri bila haraka. Ikiwa moja na nusu, sogea karibu na mwamba nusu maili, upime tena. Ikiwa mbili, na upepo haujaamka kufikia saa nne, geuka urudi Mombasa wakati bado una mchana wa kutosha, ungoje kesho.